Maziwa Ambayo Sikuyanyonya

Katika nyumba tuliyokaa Buyenzi, mtaa wa Waswahili wa Bujumbura, kila mtu alikuwa na kitu kinachomfanya awe wa pale. Baba alikuwa na kuta, kwa sababu alizijenga mwenyewe. Bibi alikuwa na baba, kwa sababu alimzaa. Mama alikuwa na ndoa yake, na kaka alikuwa na pua ya baba, ile pana isiyokataliwa. Mimi nilikuwa na maziwa.

Sikuzaliwa pale. Mwanamke aliyenizaa alipanga chumba kimoja cha uani, akauza vitenge sokoni, akasali na wanawake wenzake wa mtaa, na hakuwahi kumwambia mtu alikotoka. Siku zile hakuna aliyeona haja ya kumuuliza. Alishikwa na homa, akafa, nikabaki nimeketi kwenye mkeka wake, mtoto wa mwaka mmoja na kitu, sina hata neno la kuombea maji. Hakuna ndugu aliyetokea. Mwenye nyumba, fundi wa magari, ndiye ninayemwita baba. Mkewe, aliyekuja kunibeba akaniingiza nyumba kubwa, ndiye ninayemwita mama. Haya yote niliyajua tangu utotoni. Hawakunificha kitu, wala mimi sikuyaonea haya, kwa sababu ya yale maziwa.

Msemaji wa maziwa alikuwa bibi, mama yake baba. Mgeni akiingia akaanza kutazama urefu wangu na wembamba wangu katikati ya watu wafupi wanene, bibi alimwahi kabla hajafungua mdomo. "Uyu amenyonya apa apa. Ni mutoto ya nyumba." Kwetu Waislamu hayo si maneno ya kumfurahisha mgeni. Mtoto mdogo akinyonyeshwa na mwanamke asiye mama yake, akashiba, si mara moja bali mara tano, anakuwa mtoto wa yule mwanamke. Mumewe anakuwa baba, watoto wake wanakuwa ndugu, hawaoani maisha yao yote na hawafichani nywele. Ni undugu kamili. Unaingia kwa mdomo na hautoki.

Nilijivunia maziwa yale kuliko watoto wengine walivyojivunia viatu. Kaka alikuwa amenizidi mwaka na miezi, na tulipogombana alinikumbusha kwamba nilitoka uani. Nami nilimjibu kwamba yeye alikunywa ya juu, mepesi, akaniachia ya chini yenye mafuta. Alinipiga, nikampiga, mama akatupiga wote wawili. Hiyo ndiyo ilikuwa haki ya nyumba yetu, na niliipenda.

Vita vilipoanza mji ulijigawa. Kuna mitaa iliyobaki na watu wa aina moja tu, na mtu aliyelala upande usio wake hakuamka. Buyenzi ilibaki na mchanganyiko wake. Ukisema Kiswahili, ukionekana msikitini, watu wa pale walikuacha uishi. Lakini nje ya Buyenzi neno lililokuwa mdomoni mwa kila mtu lilikuwa ubwoko, yaani kabila, na likiulizwa na kijana mwenye panga halikuwa swali la mazungumzo. Zilikuwapo siku mji mzima ulifungwa, ville morte tulivyoziita, ukitoka barabarani ni wewe na roho yako. Mimi sikuwa na hofu kubwa. Hakuna aliyeniuliza ubwoko wangu. Nilikuwa wa nyumba ile na mambo yakaishia hapo.

Katika mwaka wa pili wa vita nikavunja ungo.

Bibi alifurahi kama mtu aliyeshinda kesi. Alinikalisha, akanifundisha kuoga, kufunga, kuhesabu, akaniambia mambo mengine ambayo sikuyahitaji mpaka miaka mingi baadaye. Mama hakufurahi. Alizunguka jikoni siku nzima akishika chombo hiki na kuacha kile, na baada ya sala ya alasiri akatuita wote sebuleni. Alikaa chini kwenye mkeka, baba kwenye kiti chake, bibi kitandani kwake karibu na dirisha. Kaka alisimama mlangoni akitaka kukimbilia mpira.

"Uyu mutoto," mama alisema, akiangalia mikono yake, "mi sikumunyonyesha."

Bibi akainuka kitandani. "Unasema nini? Mi nimeona na macho yangu! Ile wiki mama yake alikufa, alikuwa anakamata titi yako kila siku!"

"Mama, uliona titi. Maziwa aukuona."

Akaeleza. Alikuwa amekwisha kumwachisha kaka. Alijipaka shubiri, maziwa yakakauka kabisa kabla mwanamke wa uani hajaugua. Mimi nilikuwa nalia usiku na mchana, nikitafuta mama yangu kwenye kila kanga iliyopita karibu yangu, na yeye akanipa titi kavu ili nipate usingizi. Nililivuta, nikalala. Hivyo tu. Bibi alipoanza kuwatangazia watu kwamba nimenyonya, yeye alinyamaza, kwa sababu lilikuwa jambo zuri na mimi nilikuwa mdogo, haikumdhuru mtu.

"Sasa amekuwa mukubwa," alisema. "Kama nitanyamaza, ni mi nitajibu mbele ya Mungu. Mubaya zaidi, ni uyu atakuwa anaishi juu ya bongo yangu." Bongo, kwetu, ni uongo.

Baba aliinuka, akavaa kofia yake, akatoka bila kumtazama mtu. Alikwenda kwa sheikh. Tulimngoja sote pale pale, hata kaka hakwenda mpirani. Aliporudi alisimama kizingitini, na hapo hapo nilijua, kwa sababu baba hakuwa mtu wa kusimama kizingitini kwake. Alisema sheikh amejibu kwamba pasipo na maziwa hapana undugu, na kwamba mwenye titi ndiye anayejua. Akasema pia kwamba sheikh amesisitiza yatima asinyanyaswe, abaki, alelewe, ale, avae. "Atabaki," baba alisema. Alisema kama mtu anayeongea habari za mtu ambaye hayupo mle ndani.

Nilimchukia mama. Naandika hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa, na chuki ya msichana wa umri ule si ndogo. Kesho yake nilimfuata jikoni, nikamuuliza kwa nini hakunyamaza tu. Nani angejua? Bibi alikuwa tayari hata kuapa.

Alikuwa akichambua mchele. Hakuacha kuchambua. "Ungetaka nikudanganye?"

"Ndiyo," nikasema.

"Basi mi siwezi," akasema, na machozi yakamdondokea kwenye sinia la mchele. Sikumwonea huruma. Niliona kwamba analia ili nimwonee huruma, nikaondoka.

Tangu siku ile nilivaa mtandio ndani ya nyumba, kwa sababu kwa baba na kaka nilikuwa sasa mwanamke wa nje, asiyeonwa nywele wala kushikwa mkono. Watu hudhani mtandio ni kitu cha barabarani. Mimi niliosha vyombo nao, nikapiga deki nao, nikala nao ukiingia kwenye mchuzi, nikalala umekaa karibu na mto ili nikiitwa niuvae kabla sijafumbua macho vizuri. Katika joto la Bujumbura, kabla ya mvua, nilihisi kichwa kinachemka. Mama alivua wake akiingia ndani, akatikisa nywele zake, akajipepea kwa upepeo. Mimi niliketi pale nimejifunga kama mgeni aliyekuja kutoa pole.

Baba akaanza kukohoa. Hakuwa na kifua. Alikohoa kabla ya kuingia chumba chochote, kikohozi kikavu cha makusudi, ili kama nimo nijisitiri. Zamani aliingia akipiga kelele, akiuliza nani ameficha ndala zake. Nikisikia kile kikohozi koo langu mimi ndilo liliwasha. Kuna siku nilitaka kumpigia kelele kwamba sina la kufichwa, mimi ni yule yule aliyekuwa akimshikia tochi chini ya magari. Lakini hata gereji hakunichukua tena.

Kaka naye alipata adabu. Hilo ndilo sikulitegemea. Yule aliyekuwa akinivuta nywele na kunimegea vipande vidogo vya samaki, akaanza kuniita "dada" kwa sauti ya mtu anayeongea na mke wa imamu. Alinipisha mlangoni. Alitazama ukutani akiniomba chumvi. Nilimtukana mara mbili tatu nikitaka anirudishie, hata ngumi ningeipokea kwa furaha. Aliomba msamaha. Nililia sana siku ile, kwa sababu ya msamaha wa mtu ambaye hakunikosea.

Bibi peke yake alikataa kushindwa. Asubuhi moja, tunakunywa chai, alitangaza kwamba amepata dawa.

"Tumuoze kwa uyu mujukuu yangu. Wakiisha kukomaa kidogo, tunawafungisha. Uyu baba atakuwa mukwe yake, na mukwe na muke ya mutoto yake awafichani. Tunarudi vile tulikuwa. Mambo imeisha!"

Kisheria alikuwa sawasawa kabisa, ndiyo ilikuwa ajabu yake. Kaka aliacha mkate wake na kutoka nje, na kutwa nzima hakuonekana. Mimi ningeolewa na mtu niliyeogeshwa naye beseni moja akinitemea povu, ili baba aweze kuniita bila kukohoa. Mama alianza kwa kucheka, halafu kicheko kikamkatika.

"Apana, mama. Mutoto aolewi ili watu wapate kumupa mukono."

Bibi alinuna wiki nzima. Nadhani alikuwa akijilaumu zaidi ya kutulaumu, kwa vile ndiye aliyenipa kitu ambacho hakikuwa chake. Lakini hakusema, naye hakuwa mtu wa kusema hilo.

Risasi zilipokaribia, tulilala sakafuni kwenye ujia mwembamba katikati ya vyumba, mahali pasipo na dirisha. Mara nyingi ilikuwa alfajiri, watu wametoka kusali. Zamani nafasi yangu ilikuwa chini ya kwapa la baba, panapotoa harufu ya grisi na sabuni ya kufulia, na pale hakuna risasi iliyonitisha. Sasa tulijipanga upya bila mtu kutupanga. Baba mwanzo, kaka, mama, bibi, halafu mimi mwisho, karibu na mlango wa choo. Bibi alisoma Ayat-ul-Kursiy kwa sauti mpaka mate yakamkauka. Nilisikia mama akimuuliza baba kama wote tumo. Baba alijibu, "Tuko wote." Nikajiuliza kama katika hesabu hiyo nimo. Sikuwa na wa kumuuliza. Nililala kifudifudi nikinusa choo, na ukiniuliza vita vilikuwaje kwangu, nitakuambia vilikuwa pale, mwisho wa mstari.

Ikafika Idi. Kwetu asubuhi ya Idi, baba akitoka msikitini, watoto tulipanga foleni sebuleni. Unamshika mkono, unaubusu, unauweka kwenye paji la uso, naye anakuombea dua huku amekushika kichwa. Nilikuwa nimewaza jambo hili siku nyingi. Nilijiambia Idi ni Idi, pengine siku hiyo ina ruhusa yake. Kaka akatangulia, akapewa mkono na dua. Nikasogea. Baba akauweka mkono wake kifuani kwake, akainamisha kichwa, akaniombea dua ndefu kuliko ya kaka, ndefu mpaka bibi akaguna. Sikusikia hata neno moja. Nilikuwa nauangalia ule mkono ulivyolala juu ya kanzu nyeupe, na vidole ambavyo havikuwahi kutakata hata siku ya Idi. Mkono wangu mimi nilikuwa nimekwisha kuunyosha. Sikujua niurudishe wapi.

Nikumbuke na jingine, nisije nikawa mwongo mimi. Samaki wakipikwa, mukeke wa ziwani, baba alikuwa na kawaida ya kunipa kichwa chake, kwa sababu nilikipenda na wengine waliona kazi kukichambua. Hakuacha. Wanaume walipokula kwanza sebuleni, bibi alirudi jikoni na sahani, na kichwa kilikuwa juu yake, hakijaguswa. Niliona ni sadaka. Sheikh alisema yatima ale, basi anakula. Kuna siku nilikirudisha, nikasema nimeshiba. Bibi aliniambia niache ukorofi.

Mwaka uliofuata mdogo wake mama alijifungua huko Mutanga Nord, kaskazini mwa mji, na mama akaenda kumkanda na kumpikia uji. Alikuwa akae siku chache. Mji ukafungwa, ukafunguliwa, ukafungwa tena, siku zikawa nyingi. Kisha dereva mmoja akatuletea habari kwamba mama ameshikwa na malaria, hajiwezi, kuna kitoto kichanga na mzazi wake dhaifu, na kwamba anaomba nipelekwe mimi nikasaidie.

Magari hayakuwapo. Kaka hangeweza kunisindikiza, kwani vijana wa umri wake walikuwa hawavuki mitaa, walioivuka tuliwasikia tu habari zao. Baba akasema tutakwenda kwa miguu. Bibi akatusindikiza hadi mlangoni.

"Mukamate mukono uko njiani," akamwambia baba. "Mambo ni mubaya."

"Tutatembea tu, mama," baba akajibu.

Tulitembea. Yeye mbele, mimi nyuma, mbali kidogo, kama tulivyozoea kwenda kila mahali. Maduka yalikuwa yamefungwa milango ya chuma, na mtu ukipishana naye alikutazama miguuni kwanza. Baba hakugeuka. Niliutazama mgongo wake wa ovaroli nikawaza kwamba hata nikipotea, atajua tu atakapofika. Mawazo ya aina hiyo nilikuwa nayo tele siku zile, nilikuwa nayalisha kama kuku.

Kabla ya daraja la mto Ntahangwa kulikuwa na kizuizi. Mawe, gogo, na vijana wamekaa juu ya gogo na mapanga na bunduki moja. Pembeni ilikuwapo baiskeli imelala, na mzigo wa sombe, yale majani ya muhogo, ungali umefungwa nyuma, majani bado mabichi. Mwenye baiskeli hakuwapo.

Baba alifika kwanza. Mmoja wao alimjua. "Uyo ni fundi, ni Muswahili. Muache apite." Wakamwacha. Akavuka gogo, akapiga hatua zake kadhaa upande wa pili. Halafu nikafika mimi, na panga likanyooshwa mbele ya kifua changu.

Baba akageuka. "Uyo ni wangu."

Aliyekuwa na bunduki, kijana mwembamba wa macho mekundu, hakuinuka. Alimtazama baba, akanitazama mimi, akapima kwa macho ile nafasi iliyokuwa katikati yetu.

"Wako? Mbona anakufuata mbali, kama mutu akujui? Mutu na mutoto yake wanatembea ivo?"

Nikaelewa papo hapo. Ule umbali wetu, uliokuwa heshima, uliokuwa sheria, ulikuwa unatuumbua. Kwa macho ya mtu yeyote asiyejua mambo yetu, mimi nilikuwa msichana wa kuokotwa njiani aliyejibandika nyuma ya Mswahili ili avuke. Sasa akainuka, akaja, akaniinua kidevu kwa mdomo wa bunduki. Akaiangalia pua yangu. Akaangalia shingo, urefu, vidole.

"Uyu afanani na we ata kidogo. Mama yake ni bwoko gani?"

Aliniuliza mimi. Nikafungua mdomo. Nilikuwa sijui. Kwa miaka yote ile sikuwahi kujua, na hakuna Buyenzi nzima aliyejua, na sasa lilikuwa swali la roho yangu. Kijana akauliza tena, safari hii kwa Kirundi, polepole.

Baba akarudi. Akaruka gogo kama kijana, akaja akasimama ubavuni kwangu, akaukamata mkono wangu. Ulikuwa mkono ule ule, mgumu, wenye mikwaruzo ya spana, na ulikuwa na jasho jingi.

"Ni mutoto yangu," akasema.

"Kula kiapo," akasema yule kijana. "Kiapo ya Kiislamu. Tunawajua, nyinyi amuapi ovyo."

Baba akanyamaza.

Lazima niseme baba alikuwa mtu gani. Gereji wateja walimwambia apa kwamba hiki kipuri kitadumu, naye aliwajibu, nimesema, ukitaka amini. Sikuwahi kumsikia akiapa, si kwa utani, si kwa hasira. Mama alisema hata siku ya kumposa hakuapa. Basi aliponyamaza pale kwenye gogo, mkono wangu ukiwa ndani ya wake, nilimwelewa vizuri sana. Anatafuta namna ya kukwepa. Sheikh amemwambia mimi si wake, mkewe amemwambia mimi si wake, naye hatamtaja Mungu juu ya kitu kisicho kweli. Nilingoja auachie mkono. Sikumlaumu hata. Nilichoka tu.

"Wallahi," baba akasema, "uyu ni mutoto yangu."

Yule wa bunduki akatema mate pembeni, akatuonyesha daraja kwa kidevu. Tukavuka gogo, tukavuka daraja, tukapanda kilima upande wa pili. Hakuuachia mkono wangu. Tulikwenda sambamba, haraka, bila kugeuka, mpaka njia ikapinda na kizuizi kikapotea. Hapo akauachia. Akasimama ananipa mgongo, akihema, mikono kiunoni.

Ulimi wangu ulikuwa umepona. Niliona nimpunguzie mzigo. Pengine pia nilitaka kumchoma kidogo, sijui, vyote vilikuwamo.

"Baba, usisumbuke," nikasema. "Chuoni kwa sheikh walitufundisha. Kuna bongo inaruhusiwa, ile ya kuokoa mutu. Si zambi."

Akageuka. Tangu siku ile mama alipotuita sebuleni hakuwa amenitazama usoni hivyo, macho kwa macho, na alikuwa amekasirika. Alikasirika kama zamani, nilipoangusha tochi ndani ya injini.

"Najua inaruhusiwa," akasema. "Ningekuwa na lazima yake ningeisema mbio mbio, ata nisifikiri. We uliona nilinyamaza?"

"Niliona."

"Nilikuwa naangalia kama ni bongo." Akajifuta jasho kwa mkono wa ovaroli. "Aikukuwa bongo."

Akageuka akaanza kutembea, yeye mbele, mimi nyuma. Nililia njia nzima mpaka Mutanga Nord, kwa sauti, mtandio umelowa, na yeye aliniacha nilie, ila alipunguza mwendo. Nilimwamini. Nilitoka katika nyumba ambayo hakuna mtu aliyekubali kunidanganya ili nifurahi, hata nilipoomba.